Mkwe wa Mkonze

Shikamoo Mama,

Dodoma kuna upepo na vumbi, ila mimi mzima. Jana, katika utafiti wetu wa kuuguza wagonjwa nyumbani, nilifika Mkonze kwa Baba Neema, anayemtunza mama mkwe wake aliyepooza. Yeye na mkewe waliachana zamani. Majirani wanawake humwogesha bibi; yeye hupika na kumlisha. Nilimuuliza kwa nini hakumrudisha bibi kwa ndugu zake.

"Niliachana na binti yake," akasema. "Huyu sikuachana naye."

Bibi alionja mlenda, akanong'ona kwamba chumvi haitoshi. Baba Neema akainuka, akaongeza, akamlisha tena taratibu. Bibi akatabasamu kwa upande mmoja wa uso.

Nikirudi nitakupikia mimi, Mama, wewe ukae tu.

Mwanao akupendaye,
Rehema