Kiti Kirefu cha Mwalimu

Kate, Nkasi,
Rukwa.
16 Juni 2024

Mdogo wangu mpendwa Jovina,

Marahaba. Najua huko Tanga umeshaniamkia moyoni, kwa hiyo napokea kabisa. Hujambo? Shemeji Evans na watoto hawajambo? Huku kwetu upepo wa Juni umefika, nalala na koti.

Kwa unyenyekevu mkubwa nautangazia ukoo mzima kwamba kiatu changu cha kulia kimeongezewa soli ya pili. Fundi alinipima miguu kwa kamba kama anayepima mbao, akasema mmoja umepungua. Sherehe ilifanyika nyumbani. Mgeni rasmi nilikuwa mimi, na wageni waalikwa mimi.

Wifi yako Justa bado yuko Mtowisa kwa binti yetu aliyejifungua, mwezi wa tatu sasa. Nasonga ugali wa mtu mmoja na bado unabaki.

Kuhusu ile nyonga ya bandia niliyowekewa ukaniuguza miaka tisa iliyopita: siku hizi inagonga nikitembea, ko, ko, na mwezi uliopita ilichomoka kabisa. Mjini Sumbawanga waliirudisha, wakanipiga picha. Daktari akanionyesha kwamba kikombe chake, kile kinachopokea kichwa cha chuma cha paja, kiliwekwa kimesimama mno, kwa hiyo kichwa hicho kinasugua ukingo mmoja tu, na plastiki ya ndani imelika upande. Akauliza ilichomokaje. Kama nilianguka, tungengoja kwanza na kuiangalia. Kama ilitoka bila kuanguka, haifai kungoja, ibadilishwe. Nikasema niliteleza kwenye ngazi za kanisa. Hata wewe nilikwambia hivyohivyo kwenye simu.

Nisije nikasahau, msalimie Evans, na Agnesi mwambie mjomba wake anasubiri matokeo ya hesabu, asijifiche. Mungu awalinde wote.

Sasa ukweli. Tangu nipasuliwe nimekatazwa kukaa chini, basi kila niendako nabeba kiti changu kirefu kama chifu asiye na watu. Siku ile tulimaliza kupura ulezi kwa jirani yangu Cleophas, wenzangu wakakaa kwenye vigoda kuzunguka chungu cha pombe. Mimi juu. Maneno yanapita huko chini, vicheko vinapita, kibuyu kinanisahau.

Cleophas akaniuliza, "Mwalimu, huko juu unaiona Tanga?"

Wakacheka, nami nikacheka. Halafu nikaona siwezi kumaliza jioni nyingine nikitazama utosi wa watu. Nikavuta kigoda, nikaingia katikati yao. Nilikaa vizuri, Jovina, labda dakika kumi. Nilipoinama kupokea kibuyu, nyonga ikatoka.

Sikuteleza popote. Niliketi na watu.

Jumatatu nakwenda kumwambia daktari, na najua atasema nipasuliwe tena. Nilidanganya kwa kuogopa kisu. Lakini kuogopa peke yangu ndani ya nyumba hii kumenishinda. Ukiweza, njoo.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye kuliko ninavyosemaga,
Maximilian