Ukumbi Mzima Unasimama, Mimi Nimekatazwa Kuinuka

Bi Opal mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimekaa, na huko kukaa ndiko shida yangu yenyewe, kwa hiyo nakusihi unisome mpaka mwisho kabla hujaanza kunicheka. Nina miaka sabini na moja, nimefanya kazi kwenye ghala la nafaka la wakulima hapa wilayani miaka thelathini na moja, kazi yangu ilikuwa kuchota mahindi kwenye kila lori na kuyapima unyevu, makavu yanaingia, mabichi yanarudi nyumbani yakakaushwe, na hakuna mkulima aliyewahi kunibishia mara mbili. Na kwa muda mrefu kuliko huo nimekuwa na kiti changu kwenye ukumbi wa michezo wa chuo, safu ya nne nyuma ya benchi letu, karibu kiasi kwamba kocha akimeza mate namsikia.

Wewe ni mtu wa hapahapa, unajua desturi yetu. Korongo, timu yetu ya mpira wa kikapu, wakianza mechi watu wote wanasimama wanapiga makofi, na hakuna anayekaa mpaka vijana watie kikapu cha kwanza, hata ichukue dakika nne, hata mtu awe na nyonga ya chuma. Na kesho yake asubuhi wale tunaojiona tunaujua mchezo tunakutana kwenye mgahawa wa wifi yangu Geneva, tunakula biskuti laini za moto na mchuzi wa soseji na kumpa kocha alama, moja mpaka kumi, zinaandikwa ubaoni chini ya orodha ya pai. Wengine wanasema ni mzaha. Si mzaha, Bi Opal. Kuna watu wameacha kusalimiana kwa sababu ya nusu alama.

Sasa Kocha Yoder alipokuja miaka mitatu iliyopita alikuwa na miaka thelathini na moja na suti iliyombana, na mimi nilimpima siku ya kwanza nikamkuta mbichi. Alikuwa anapiga kelele toka mpira unarushwa mpaka taa zinazimwa, anamaliza mapumziko yote anayoruhusiwa kuomba kabla ya dakika kumi za mwisho, mtoto akikosea mara moja anatolewa na hamumwoni tena uwanjani, na wale watano anaowapenda anawachezesha mpaka miguu inakataa. Mwaka wa kwanza tulishinda mechi nane. Mwaka wa pili, mwezi wa Februari, tukicheza na majirani zetu wa Bluff Hollow, akavua koti akalitupa mbele ya refa, refa akamtoa nje, na vijana wetu wakabaki wanautazama mlango kama ng'ombe waliosahauliwa kukamuliwa, tukafungwa mechi ya saba mfululizo. Asubuhi yake nikampa mbili, na kwa hasira, mbele ya watu wote na uma mkononi, nikasema, "Sisimami tena kwenye ukumbi ule mpaka huyu kijana aondoke mjini." Otis, yule aliyekuwa kinyozi, akanipokonya chaki akayaandika maneno yangu pembeni ya ubao, na tarehe akaweka. "Wote mmesikia," akasema.

Mechi iliyofuata nikakaa. Watu elfu mbili wamesimama, mimi nimekaa mikono kifuani, naangalia mgongo wa mwanamume wa safu ya tatu, Kocha Yoder akageuka akaniona, na wewe unajua tukashinda kwa pointi kumi na tisa. Iliyofuata nikakaa, tukashinda. Toka siku ile mpaka leo hatujafungwa nyumbani, mechi kumi na tano, na watu wa safu yangu wameamua kwamba siri ni mimi. Ubaoni sasa kuna sehemu mbili, Kocha na Kiti, na wiki iliyopita Otis alisimama akatangaza, "Kocha saba. Kiti tisa," na watu wakapiga makofi. Geneva amenishonea mto wa kuegemea, wa njano, herufi kubwa kama sahani: USIINUKE.

Kinachoniumiza ni kwamba mimi najua ukweli, maana nina daftari. Naandika kila mapumziko anayoomba, kila mchezaji anayemwingiza na kumtoa, na daftari linasema kijana amekua. Mapumziko anayatunza. Anachezesha watu tisa. Tarehe kumi na moja Januari tulikuwa nyuma kwa sita, yule mrefu wa mwaka wa kwanza, Renner, alikuwa ametupa mpira nje mara mbili, mwaka juzi angekuwa ameshakaa benchi na taulo kichwani, lakini Yoder aliwaita wote, akachuchumaa mbele yao, akamwuliza taratibu, "Unaona nini huko?"

Mtoto akasema, "Kocha, wananibana kushoto kila nikipokea."

"Basi pita kulia," Yoder akamwambia. "Mimi hilo sikuliona. Umefanya vizuri kuniambia."

Bi Opal, nilikuwa safu ya nne, nililisikia hilo kwa masikio yangu, na macho yalinijaa machozi kwa jambo la mpira. Mtu mzima mbele ya vijana wake anasema hakuliona. Nikaandika tisa kwenye daftari, nikalifunga, na asubuhi yake kwa Geneva nikanyamaza kimya, Otis akampa sita na nusu.

Halafu mwezi uliopita nikakutana naye dukani, mimi natafuta achari, yeye ana kikapu cha maziwa na nepi. Akavua kofia. "Mama," akasema, "naomba nikuulize, na usinionee huruma. Nimebakiza nini cha kurekebisha?"

Nilitakiwa kusema hujabakiza kitu, mwanangu. Ndilo lililokuwa moyoni. Mdomo ukasema, "Ulinzi wa kona. Watu wanakutupia za pointi tatu kutoka kona."

Akatoa karatasi yake ya manunuzi akaandika nyuma. "Asante, Mama. Kweli kabisa." Na mechi iliyofuata kona zote mbili zilikuwa zimefungwa, timu pinzani haikupata hata moja kutoka huko, na mimi nilikaa pale na mto wangu najiona mwizi.

Sasa Jumamosi ni mechi ya mwisho ya nyumbani, na ni Bluff Hollow haohao. Chuo kimoja kikubwa cha kaskazini kinamtaka Yoder, mji mzima unajua, na juzi redioni alipoulizwa alisema atapenda kubaki mahali anapotakiwa. Mimi nataka kusimama. Nilipowaambia wenzangu, Geneva alinishika mkono akasema, "Wifi, nakuomba kwa jina la kaka yangu aliye kaburini, kaa. Mechi moja tu. Hata kahawa nitakuletea hapohapo." Otis akasema ataleta kamba ya kufungia ndama. Walicheka, lakini hawakuwa wanatania sana, na mimi nami moyoni naogopa, maana itakuwaje nikisimama halafu tufungwe na Bluff Hollow, si watanilaumu mpaka nife? Mechi za ugenini angalau sina mzigo huu, nazisikiliza jikoni kwa redio iliyo juu ya friji huku napiga pasi vitambaa vya meza vya Geneva, na ugenini mwaka huu tumeshinda tisa kati ya kumi na moja, sina wa kunilaumu wala kunisifu.

Nisimame nivunje neno langu na pengine bahati ya mji, au nikae na kijana aondoke akidhani bado namchukia? Nisaidie, na tafadhali usitaje jina langu.

Wako,
Niliyekaa, Safu ya Nne


Mpendwa Uliyekaa,

Jina lako nimelificha, kama ulivyotaka, ingawa katika wilaya hii ni mtu mmoja tu anayekaa wakati wengine wamesimama, na hata padri wetu anakujua kwa mto.

Kwanza pole. Kushangiliwa kwa jambo ulilolifanya kwa hasira si raha, na naona umeibeba aibu hiyo mwaka mzima bila kumwambia mtu. Sasa pole imekwisha, nisikilize.

Wewe mtu wa kupima, mbona hesabu yako mwenyewe hukuisoma? Umeniandikia kwamba mechi za ugenini unazisikiliza ukipiga pasi. Hebu niambie, dada yangu, tangu lini mtu akapiga pasi vitambaa vya meza amekaa? Umesimama mechi kumi na moja msimu huu, umesimama kwa miguu yako yote miwili kwenye sakafu ya jiko lako, na Korongo wameshinda tisa. Hizo mbili walizofungwa sijui; labda vitambaa viliisha mapema ukakaa. Kwa hiyo bahati hiyo ya kiti kaifungeni na Otis kwenye kamba yake ya ndama. Wanaoshinda mechi ni watoto wanaokimbia na kijana aliyejifunza kunyamaza na kuuliza.

Na hilo la kuogopa kufungwa silipokei. Huogopi kufungwa. Unaogopa kwamba ukisimama, watu elfu mbili wataona umebadili mawazo. Naam, wataona. Kwani wewe ulimwambia wapi kwamba ni mbichi? Ubaoni, mbele ya kadamnasi, na tarehe. Na alipokauka ukamwambia wapi? Kwenye daftari, ukalifunga. Kwa miaka thelathini na moja pale ghalani, lori ulilolirudisha likija tena na mahindi makavu, uliwahi kuliambia lirudi kwa sababu jana ulishasema hapana? Ulichota, ukapima, ukafungua lango. Mfungulie na huyu.

Tena umenikasirisha pale dukani. Kijana anakuvulia kofia katikati ya achari, anakuuliza kwa unyenyekevu amebakiza nini, nawe una tisa yake mfukoni, unampa kona. Kosa la kona alikuwa nalo kweli, sikatai, na ninakupa heko kwa jicho lako. Lakini ungemwambia na lile jingine. Yeye alikuwa jasiri mbele ya Renner akasema "sikuliona." Wewe umeshindwa maneno mepesi kuliko hayo.

Basi utafanya hivi. Alhamisi utakwenda ofisini kwake na daftari. Usimtolee hotuba. Lifungue ukurasa wa tarehe kumi na moja Januari, liweke mezani, mwache asome, na akimaliza mwachie alichukue nyumbani. Akiondoka kwenda kaskazini, ataondoka nalo, na itakuwa halali yake. Akibaki, utajua alibaki akiwa ameshausikia ukweli wote, si nusu.

Ijumaa asubuhi, kabla watu hawajamaliza biskuti zao, shika kitambaa ufute ile sehemu ya Kiti ubaoni kwa mkono wako, na yale maneno ya pembeni ufute pia. Otis atapiga kelele. Mwambie hesabu ya pasi, moja baada ya moja, kumi na moja, mpaka anyamaze. Geneva naye mwambie kwamba kaka yake marehemu, mumeo kama nimekuelewa sawasawa, nilikaa naye shule dawati moja, na hakuwahi kukaa kwenye mechi hata siku aliyokuwa na homa ya mapafu. Asimtumie vibaya.

Na Jumamosi usimame. Simama mpira ukirushwa na upige makofi mpaka kikapu kiingie, na kikichelewa, chelewa nacho. Yoder atageuka, maana amekuwa akigeuka mwaka mzima kukutazama. Hutahitaji kusema neno. Wakifungwa na Bluff Hollow, watakuwa wamefungwa, na Jumapili utampa alama anazostahili kwa haki, hata kama ni tano, naye atazipokea kwa sababu atajua zimetoka kwa mtu anayemtakia mema.

Mto usiutupe, Geneva ameutolea jasho. Uegemeze palepale kitini, wewe usimame kando yake, na yule wa safu ya tatu mwambie asogee kidogo. Mimi hukaa upande wa pili, mkabala kabisa na benchi letu, na Jumamosi nitavaa miwani yangu ya mbali. Mpira ukiruka juu nitaangalia safu ya nne kabla sijaangalia kitu kingine chochote, na kutoka huko ng'ambo ya uwanja nataka niweze kusoma vizuri, herufi kwa herufi, alichoshona wifi yako.

Bi Opal