Mlango wa Sentimita Sitini na Mbili

Karakana ya Viti vya Magurudumu,
S.L.P. 61.
Tarehe 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Barua hii ikukute u mzima, mgongo umeacha kukusumbua, na Wifi amepona kile kikohozi. Watoto je, wanakua au wanarefuka tu? Sisi huku hatujambo. Mama anakula, anagomba, na anasikiliza redio kwa sauti ya kuwakera majirani, kwa hiyo jua kwamba ni mzima kabisa.

Sasa kaa chini, maana leo nakuja kukuringia. Uliniandikia kwamba nimeacha kazi nzuri ili niende kusikiliza watu wakinung'unika. Sentensi hiyo nimeikariri. Leo utaifuta mwenyewe.

Unajua kwamba hapa karakanani mimi ndiye napokea maoni ya wateja kwa simu. Mwezi uliopita Bosi aliamua tutoe kiti kipya, arobaini kwa mkupuo. Mabomba ya kuundia viti yalishafika na yangekatwa Jumatatu, na bomba likishakatwa ndiyo basi tena. Kila mtu alikuwa na lake la kutanguliza: breki, wepesi, rangi isiyochubuka. Fundi wetu mkuu tunamwita Nusu Milimita kwa sababu hakubali kipimo kipungue hata hicho. Yeye alishikilia mto laini, hasikii la mtu.

Nikaleta programu yangu ya kompyuta. Haikuombi upange mambo yote kwa pamoja. Inakuwekea mawili tu: lipi muhimu zaidi, na kwa kiasi gani? Ukijibu inaleta mengine mawili, na mwisho inakupa kila jambo na uzito wake. Mahitaji tuliyoorodhesha yalikuwa saba, maswali ishirini na moja. Tukayajibu pale pale, tumesimama tumeizunguka meza ya kuchomelea.

Kaka, ilituumbua! Nusu Milimita alisema wepesi ni muhimu kuliko breki, breki kuliko mto, kisha akaapa kwamba mto ni muhimu kuliko wepesi. Programu ikaandika kwa wekundu kuwa majibu yake yanapingana. Mafundi walicheka wakashika mbavu.

"Hiyo mashine yako imelewa!" akanifokea. "Hebu rudi kwenye simu zako."

Bosi akanipa hadi Ijumaa, la sivyo mto laini ungepita.

Nilirudi nyumbani nimenuna, kompyuta kwapani. Nikaona nimjaribu Mama, kwani naye si anakalia kiti chetu? La kwanza akajibu, la pili akajibu. La tatu lilikuwa mto laini au rangi isiyochubuka. Akanitazama vile alivyokuwa akitutazama tukivunja sahani.

"Hivi nyie mnaotengeneza viti, mnadhani sisi hatuendi chooni?"

Nikaifunga kompyuta. Ule mlango wa choo chetu unaujua: kiti hakipiti, na mwenye nyumba alikataa ukuta kuguswa hata ulipomwandikia wewe mwenyewe. Mikono Mama anayo, nguvu anazo, kinachomshinda ni kufika tu. Miaka mitatu nambeba kila asubuhi, nasimama naye humo ndani nimegeuza uso, na bado sikuliandika jambo hilo kwenye orodha! Tuliwajibia watu waliokaa, sisi wote tukiwa na miguu yetu. Niliona aibu, Kaka, sikufichi.

Nikaongeza hitaji la nane: kiti kipite mlangoni. Maswali yakawa ishirini na manane. Kwa siku tatu nilizunguka kwa wateja wengine kumi na mmoja, jua langu, vumbi langu. Majibu yalipojumlishwa, upana ulitoka wa kwanza, karibu theluthi ya uzito wote. Mto laini ukashika mkia. Na wekundu haukutokea hata mara moja, pamoja na kwamba mmoja wao ni mzee fundi saa anayebishia kila kitu.

Ijumaa nikaweka matokeo mezani. Nusu Milimita akasoma, akarudia kusoma, akachukua tepu yake ya kupimia na kutoka bila kuaga. Nilidhani amesusa. Kumbe alikwenda kupima milango, nyumba kwa nyumba, akarudi jioni na vipimo kumi na viwili kwenye kifuniko cha boksi la misumari. Mlango wetu ni sentimita sitini na mbili. Kiti chetu, sitini na saba.

"Nusu milimita napima," alisema, "na mlango sijawahi kuupima."

Jumatatu mabomba yalikatwa kwa mchoro mpya, kiti kizima sentimita hamsini na saba. Bosi ametangaza kwamba hakuna kiti kitakachochorwa tena kabla sijazunguka na maswali yangu mawili mawili. Nimepewa meza, Kaka, na ina droo ya kufunga kwa ufunguo!

Kiti cha kwanza kililetwa kwetu juzi, na aliyekileta ni Nusu Milimita mwenyewe. Mama akakisukuma kwa mikono yake, akapita bila kugusa fremu, akafunga mlango. Komeo likalia. Sisi wawili tukabaki nje tumeduwaa.

"Mnasubiri nini hapo? Hamna kazi?" sauti ikatoka ndani.

Nililia waziwazi. Mwenzangu akajifanya anakagua bawaba.

Msalimie Wifi, na watoto waambie shangazi yao sasa ni mtu mkubwa. Mjomba naye, jirani yako, mpe salamu zangu. Mungu awafunike nyote kwa afya na atukutanishe tukiwa na vicheko vyetu.

Nilitaka Mama akuandikie mstari mmoja hapa chini kwa mkono wake. Lakini yuko chooni, amejifungia, ameingia na redio, na anasema hafungui mpaka taarifa ya habari iishe.

Mdogo wako akupendaye, na leo anayeringa,
Kidomo