Bibi Mwaija Hakuwa Mtoro

Jumatatu, 7 Juni 1971
Mkata. Homa yangu ya mafua imekwisha — siku mbili tu! Ijumaa nilifundisha wazee huku napiga chafya, sikutaka kuahirisha. Watoto wangu wa darasa la kwanza nao wamepona, kelele kama kawaida. Ijumaa hii, baada ya swala, mkaguzi wa elimu ya watu wazima anakuja. Nataka wazee wangu wote kumi na wanane wawepo.

Jumatano, 9 Juni
Bibi Mwaija hakuja. Miaka sabini na kitu, na ndiye msomaji wangu bora! Nikamfuata kwake. Amelala, kajifunika khanga mbili. Akasema kifua kinanibana, mwalimu, nipe mpaka wiki ijayo. Nikacheka. Nikamwambia watoto wa miaka saba wameugua hayohayo na sasa wanacheza mpira, yeye mtu mzima anadeka! Naye akacheka, akakohoa, akachukua daftari lake tukaenda.

Ijumaa, 11 Juni
Wote wamefika. Bibi kasimama ubaoni, kasoma mistari mitano. Jasho linamtiririka, na baridi hii! Mkaguzi kapiga makofi. Kichwa kimenivimba.

Jumapili, 13 Juni
Bibi kapelekwa Korogwe kwa lori la mahindi. Nimonia. Sijala.

Jumatatu, 14 Juni
Korogwe, benchi nje ya wodi. Nimemuuliza tabibu: si mafua yaleyale yangu? Ni yaleyale, mwalimu, kasema. Ila chembechembe za mwili nazo huzeeka. Za mtoto hupigana, zikiharibika zinajitengeneza upya. Za bibi hazifui dafu tena. Kwa mzee hakuna mafua madogo. Akauliza nani alimtoa kitandani. Nikatazama viatu vyangu. Naona aibu, jamani! Mwalimu mzima!

Tatu, bintiye, naye aliuliza hivyohivyo. Bibi akajibu kwa shida: nilikwenda mwenyewe. Kisha akanigeukia mimi, pumzi hamna, akaniomba radhi kwa kukosa darasa leo. Ananiomba radhi mimi! Nilitaka kusema ni mimi niliyemtoa. Tatu kanishukuru kwa kuja, kanipa chai yake, nikainywa.

Sasa hivi Tatu katoka tena wodini, kaniuliza mwalimu unaandika nini. Nikasema: mahudhurio. Kaamini. Akanisihi, tafadhali, mama yake nisimwandike mtoro. Muuguzi anatuita —