Mgonjwa Aliyepelekwa Barazani

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Mombasa

Jina: Amtulla Badruddin
Umri: Miaka 27
Kazi: Mshonaji
Makazi: Ndia Kuu

Nimekuja kwa hiari yangu kueleza habari za Gunga, mchukuzi wa machela hospitalini, anayeshtakiwa kwamba alimtoa mgonjwa nje kwa dharau.

Mnamo tarehe 11 Machi 1947, yapata saa nne asubuhi, mwanangu Zarina, wa miaka miwili, alimeza kokwa ya ukwaju ikamkwama kooni. Alikuwa akipumua kwa shida. Jirani alitupeleka hospitalini kwa gari lake.

Mlango wa chumba cha dharura haukupitika. Ndani mlikuwa na mgonjwa mmoja tu, kijana Zein aliyevunjika mguu, pamoja na watu wake wapatao ishirini: ami yake, mashangazi, majirani, hata kinyozi wake. Afande, desturi yetu waijua. Mgonjwa haachwi, na atakayetangulia kutoka atasemwa mpaka Idi. Daktari aliwasihi watoke, kila mmoja akamtazama mwenziwe. Mimi nililia nipishwe. Walinipa pole nyingi, lakini hawakusogea. Midomo ya mtoto ilikuwa imeshabadilika rangi, wala hakuwa akitoa sauti tena.

Gunga alituona. Alimwinamia Zein akamnong'oneza, na Zein akakubali kwa kichwa. Hapo Gunga na mwenzake wakainua machela wakatoka nayo hadi barazani. Msafara wote ukaifuata, kinyozi akiwa wa mwisho. Chumba kikabaki kitupu. Daktari alimlaza Zarina kifudifudi pajani pake, akampiga mgongoni, na kokwa ikaruka.

Nilipotoka nilimkuta ami yake Zein amemkamata Gunga shati. Zein alikuwa akimwambia, "Mwate, ami. Hata mimi nalikuwa sipati pumzi mle ndani." Mzee hakutaka kusikia, akaja kushtaki.

Sheria siijui. Ninalojua ni kwamba Gunga hakumdharau mtu, na kwamba ninaye mwanangu. Uniwie radhi, analia tangu tuingie humu nami sikumbembeleza. Kimya chake nimeshakisikia, sikitaki tena.

Haya ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu, na nimeyasema bila kushurutishwa.

(Sahihi) Amtulla Badruddin

Nimemsomea shahidi maelezo haya mara mbili, kwani mara ya kwanza mtoto alitushinda kwa kelele. Ameyakubali. Gunga ameachiwa, amerudi kazini.

(Sahihi) Konstebo Barnabas Kavumbi