Kitanda Ambacho Hukukikalia

Mama,

Tangu tukuzike kila nikitaka kukuandikia nakasirika, naiacha kalamu. Leo nakuandikia na hasira zangu hivyo hivyo.

Ulituacha kwenye baridi ya Julai, kwa hivyo wanawake waliokuja kulala matanga nyumbani kwako Buruburu walibeba blanketi za kujifunika. Sikujua ni zako mpaka walipozikunjua. Yule muuza mboga wa Huruma alijifunika lile la nyota nyekundu. Mwalimu wa shule ya Jumapili alikuwa na lile la buluu ulilolitoa kwenye robota la mitumba sokoni Gikomba likiwa limeraruka, ukaliloweka, ukalianika, ukalitia viraka mpaka likawa zuri kuliko lilivyotoka kwa wazungu wake. Kila mmoja alikuwa na hadithi ya siku ulipomletea. Mimi, mtoto wako wa pekee, niliketi katikati yao na shali ya dukani. Wao walikuwa wakilia, mimi nilikuwa nikiona wivu. Watu wote hao walikuita Mama Muthoni, kwa jina langu, na Muthoni mwenyewe hakuwa na blanketi.

Ulikuwa na kanuni yako. Blanketi halitoki kwako kabla hujaenda kwa mtu, ukaomba kuona kitanda, ukakikalia. "Kitanda ndicho kinaniambia," ulikuwa ukisema. Ukishapapasa godoro na kuangalia upepo unaingilia wapi, unajua ni blanketi lipi liende huko. Na ukishakikalia kitanda cha mtu, lazima umpe.

Kwangu Umoja ulikuja mara nyingi, na kila mara uliishia kwenye kochi. Nilikuwa natandika kitanda na kuacha mlango wa chumbani wazi makusudi. Unakunywa chai, unauliza habari za kazi, unachukua mkoba wako. Siku moja nilikwambia uje chumbani uone mapazia mapya. Ukasema, "Ni mazuri, nayaona nikiwa hapa hapa." Mama, nilikereka wiki nzima.

Baada ya mazishi nilifungua sanduku lako la bati. Lilikuwa limebaki blanketi moja tu, lile la viraka vya kijani na manjano, lenye doa la chai pembeni lililokataa kutoka. Nikasema basi, hili ni langu. Kabla sijalipeleka nyumbani, Mama Otieno wa Dandora akapiga simu. "Muthoni, pole tena. Mama alikuwa ameniahidi ile ya kijani. Alishakalia kitanda yangu."

Nilitaka kumwambia limepotea. Badala yake nikamjibu kwamba nitalileta Jumamosi, ila lazima na mimi nikikalie hicho kitanda. Nilienda kutafuta kasoro. Ningekuta kunguni ningefurahi. Nikakuta shuka imepigwa pasi, na dirisha limezibwa kwa katoni upande wa moshi wa jalala. Nikakaa. Godoro limekwisha katikati, baridi inapanda kutoka chini, hata mimi niliisikia. Kwa hivyo hapakuwa na kisingizio. Nikaanza kulitoa blanketi kwenye mfuko, polepole sana.

Mama Otieno akaniuliza, "Na yako, alishaipata?"

Nikamuuliza, yangu gani?

"Si alikuwa anakutafutia. Kila tukienda Gikomba anasema, ngoja kwanza nione kama hii inafaa Muthoni. Halafu hii imefifia, hii imeshonwa vibaya, hii iko na doa. Sisi ndio tukapewa hizo. Hata kitanda yako alisema hatakalia mpaka aipate, asije akakupa tu ile iko."

Nilikaa pale nikilia kuliko nilivyolia kaburini. Kumbe kila blanketi nililolionea wivu ulikuwa umelishika kwanza kwa ajili yangu, ukalikataa. Hukuniuliza. Ungeniuliza ningekwambia nipe lililofifia. Nipe lenye doa. Ningechukua lolote, Mama, mradi unipe wewe kwa mkono wako. Ndiyo maana wivu haujaisha. Wao walipata mkono wako, mimi nilipata uchaguzi wako.

Mama Otieno akalikunja, akalirudisha kwenye mfuko. "Beba hii. Mimi utanitafutia ingine." Mtu mwenye adabu angekataa mara kadhaa. Mimi nilikataa mara moja, tena kwa sauti ndogo.

Siku hizi naenda Gikomba mimi. Wauzaji wako wananiuliza, "Wewe ni wa Mama Muthoni?" nami nawaambia mimi ndiye Muthoni, nao wanapunguza bei kwa huruma. Nimepata blanketi moja zito la kahawia, nimeliloweka kwenye beseni. Mishono yangu imepinda, lakini nakuahidi litafika kwa Mama Otieno kabla ya baridi nyingine. Na nitawatafutia wengine pia. Sitachagua sana kama wewe. Hakuna mtu wangu atakayengoja mpaka nife.

Lile la kijani liko kwangu. Kabla ya kulitandika nilikikalia kitanda changu kwa niaba yako, nikapapasa godoro, nikaangalia upepo unaingilia wapi. Doa la chai nimeliweka upande wa kichwa, ndipo ninapolaza shavu.

Lala salama, Mama.

Muthoni wako