Kwa Sista Kolumba, Aliyetulindia Mpunga Ili Tukasome

Mpendwa Sista Kolumba,

Shikamoo, huko ulikopumzika. Tumsifu Yesu Kristo.

Nakuandikia nikiwa ofisini kwako. Nasema kwako kwa mazoea tu, maana tangu Januari kiti hiki nimekalishwa mimi, Melania, yule uliyekuwa ukimwita "binti wa Namawala" hata mbele ya wageni wakubwa. Nimeombwa niandike historia ya shule, iwekwe kwenye kijitabu cha kumbukumbu. Nimejaribu mara kadhaa. Kila nikianza na majengo na nani aliweka jiwe la msingi, kalamu inakataa, kwa sababu watakaosoma hawatakuona wewe. Basi nimeliweka hilo pembeni. Nakuandikia barua, na anayetaka kusoma na asome.

Unakumbuka tulivyoanza? Chumba kimoja cha mafundisho ya ubatizo pale Kibaoni, nyuma ya kanisa. Madawati hatukuwa nayo. Tulikalia mabenchi ya kanisani, na kila Jumamosi jioni tuliyabeba kuyarudisha kwa ajili ya Misa, Jumatatu tukayabeba tena. Ubao wetu ulikuwa mlango wa zamani uliopakwa rangi nyeusi, na tundu la kitasa lilibaki palepale katikati, hata Mwalimu Tadei alipochora duara alilizungusha hapo makusudi. Yeye alifundisha hesabu na sayansi zote. Wewe ulichukua yaliyobaki yote, pamoja na kuimba, ingawa Mungu anajua sauti hakukupa. Tulikuwa wasichana ambao nafasi za serikali zilitupita. Ulituambia siku ya kwanza kwamba hapa hakuna aliyeachwa, tumechelewa kidogo tu.

Ulikuwa mkali, siwezi kuficha. Ulinipigisha magoti asubuhi nzima kwa kosa la daftari ambalo halikuwa langu. Jioni ulipojua ukweli ulirudi darasani, ukasimama mbele ya wote na kusema umenionea, unaomba radhi. Mimi sikuwahi kusikia mtu mzima akimwomba mtoto radhi. Nilirudi nyumbani kwa shangazi nikamsimulia, akaniambia niache uongo.

Lakini ninalotaka watu walijue ni la mwezi wa tano wa mwaka ule wa kwanza.

Mpunga ulikuwa umeanza kuinamisha masuke. Wewe mtoto wa Mahenge ulijua maana yake. Familia nzima nzima zilihamia mashambani, bondeni kabisa, na shule zikabaki na upepo. Baba alikuja Kibaoni kwa shangazi kunichukua. Mama alikuwa amejifungua wiki mbili tu zilizopita, wadogo zangu walikuwa hawajafikia umri wa kukaa peke yao, na ndege walikuwa wameanza kushuka. Sikuweza kubisha. Wiki ile wenzangu wengi nao walichukuliwa, mmoja mmoja, na darasa likabaki na wasichana wasiojaza mabenchi mawili.

Barua ikakukuta katika hali hiyo. Wakaguzi wanakuja wiki inayofuata, siku haikutajwa, kuangalia kama darasa letu linafaa kuandikishwa kuwa shule ya sekondari. Wakikuta chumba kitupu, basi. Mwalimu Tadei alinisimulia baadaye kwamba uliisoma, ukaikunja, ukaenda kutia upepo baiskeli.

Ulipita Michenga, ukapita vijiji vingine, shamba kwa shamba, ukiwaomba wazazi siku chache tu. Wengi walikubali. Kwetu ulifika mwisho, umelowa matope hadi magotini. Mimi nilikuwa juu ya dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa katikati ya mpunga, nikivuta kamba za makopo na kupiga kelele tangu alfajiri hadi sauti ikanikauka. Nilikuona kwa mbali, shela jeupe kwenye kijani chote kile, nikadhani ni korongo.

Baba alikupokea vizuri. Alikupa kigoda, akakupa maji, akakusikiliza hadi mwisho. Kipogoro chako na Kindamba chake vilikaribiana, mkawa mnachanganya na Kiswahili. Kisha akakujibu bila ukali wowote kwamba mwaka uliopita mafuriko yalichukua nusu ya shamba, na nusu iliyobaki ndege walikula, na watoto wake walilala njaa. Hana mtu mwingine wa kuweka pale juu.

Uliinua macho ukanitazama kule dunguni. Halafu ukasema, "Baba Melania, mwache mtoto aende. Hapo juu nitakaa mimi."

Baba alidhani unatania. Alicheka kidogo kwa heshima, akasema kazi ile si ya mikono ya rozari.

"Baba yangu alinipandisha dunguni kabla sijajua kusali," ulimjibu. "Nipe kamba."

Ulivua shela, ukalikunja, ukamwomba mama kanga ya kufunga kichwani. Ukaniambia nichukue baiskeli yako, niende moja kwa moja kwa shangazi, kesho niwe darasani kabla ya kengele. Nilitaka kukuuliza wewe utarudije, ila ulikuwa umeshapanda, na sauti yako ile isiyojua kuimba ilikuwa tayari inafukuza kwelea kwelea. Mama alicheka na mtoto mgongoni.

Yaliyotokea huko niliyajua kwa baba. Ulikaa siku tatu. Siku ya pili kundi kubwa lilishuka kwetu na kwa jirani kwa pamoja, na jirani alikuwa amekwenda kutegua nyavu zake mtoni. Ulifukuza kwetu, ukateremka, ukakimbia hadi kwake, viatu vikabaki matopeni na havikupatikana tena. Waliokuwa mashamba ya karibu waliacha kazi zao wakatazama, kisha wakaja kusaidia. Mchana baba alikuletea wali na kambale, akakukuta umesinzia umekaa, kamba bado umeizungusha mkononi, na upepo ukicheza na makopo. Hakukuamsha. Alikaa chini ya dungu akafukuza yeye hadi ulipozinduka.

Siku hiyohiyo ya pili wakaguzi walifika Kibaoni.

Walikuwa wawili. Mkubwa wao alikuwa mtu mzima mwenye miwani, mpole wa kusema. Alihesabu vichwa, akatazama ubao wenye tundu, akafungua madaftari. Kisha akauliza mkuu wa shule yuko wapi. Mwalimu Tadei akaanza kusema umepata dharura, akababaika. Sijui nilipata wapi moyo. Nilisimama.

"Yuko shambani kwetu Namawala, anafukuza ndege," nilisema. "Amenishikia zamu ili mimi niwe hapa."

Yule mzee alivua miwani. Aliuliza ni wangapi wengine waliorudishwa kutoka mashambani wiki ile. Mikono ikanyooka karibu yote. Hakuna aliyecheka. Alikaa kwenye benchi letu, pembeni ya mwanafunzi, akaandika kwa muda mrefu. Alipomaliza alimwambia Mwalimu Tadei jambo ambalo sisi sote tulilisikia: "Mwambieni Sista shule anayo. Asichokuwa nacho ni bweni. Bila bweni, kila mwaka atakuwa mlinzi wa mpunga."

Walitupa ruhusa ya muda, na bweni ndilo lililokuwa sharti.

Ulirudi Kibaoni peku, nyuma ya baiskeli ya baba, na homa. Ulilala wiki nzima. Sisi tulikuja kukuamkia dirishani kwa zamu, na ulichotuuliza ni kama tumemaliza zoezi la Kiingereza.

Historia ya majengo inaanzia hapo, Sista. Baada ya mavuno baba alikuja na yule jirani ambaye shamba lake ulilikimbilia. Hawakuitwa na mtu. Walitafuta udongo mzuri, wakaanza kufyatua matofali. Kisha wakaja wa Michenga, Waislamu kwa Wakristo, kila mwenye binti na hata wasiokuwa naye. Wanawake walibeba maji, sisi tulibeba kuni za tanuri. Wewe ulikunja mikono ya gauni ukakanyaga udongo nasi. Lile bweni la kwanza lina ukuta uliopinda upande wa mashariki mpaka leo, na kila fundi anayekuja anataka kuubomoa. Namkatalia.

Mwaka uliofuata, mpunga ulipoanza kuinama na wazazi wakahamia bondeni, sisi tulibaki. Nakumbuka jioni ya kwanza mle ndani. Mvua ilikuwa inapiga bati, nasi tumekaa vitandani tukitazamana, hatuamini kwamba msimu umefika na hakuna aliyekuja kutuchukua.

Yaliyofuata wengi wanayajua. Kidato cha nne cha kwanza, tukafaulu vizuri kuliko walivyotutegemea. Maabara. Mabweni mengine. Baadaye kidato cha tano na cha sita. Shirika lako likakuhamishia mbali, ukaenda na sanduku moja. Mimi nikasoma ualimu, nikarudi kufundisha hesabu mahali pa Mwalimu Tadei alipostaafu. Daraja likajengwa mtoni, kivuko kikasahaulika, lami ikafika. Wasichana wakaanza kuletwa kutoka Dar es Salaam, Dodoma, hata Mwanza. Jina la shule likawa kubwa. Niliona fahari, sitakudanganya.

Ukaja kututembelea, umeshika mkongojo. Tulikuzungusha kila mahali, chumba cha kompyuta, maktaba, bwalo jipya. Ulisifu kila kitu, ukagusa kila meza. Tulipofika kivulini ukanishika mkono, ukaniuliza kwa sauti ya chini, "Wa Namawala na Michenga wako wangapi?"

Sikujua. Mimi mwenyewe wa Namawala, sikujua. Nilikimbia ofisini kutafuta orodha. Niliporudi ulikuwa umeshapanda gari. Nikakuambia dirishani kwamba wako wawili tu, katika shule nzima. Hukunilaumu. Uliniangalia, ukanipigapiga mkono, ukasema, "Sasa umejua," na gari likaondoka.

Kwaresima iliyofuata ukatutoka. Tulikuja Mahenge kukuzika. Baba, mzee sasa, alipanda basi nasi ingawa magoti yanamsumbua. Walipowaita watu kuweka udongo, alisimama kaburini kwa muda kuliko wengine, akasema kwa Kindamba kwamba siku ile hakuamini kama utaweza, na kwamba alipaswa kukuambia ungali hai. Sijamwona baba akilia siku nyingine.

Nami nina langu ambalo sikukuambia. Kila usiku wa kusahihisha mitihani, kila msichana aliyeng'ang'ania swali hadi akalipata, nilijivuna kama kazi yangu. Ilikuwa yako. Nashukuru, Sista. Neno hili nilipaswa kulisema pale dirishani pa gari, badala yake nikakutajia hesabu.

Mwaka jana, kabla sijakabidhiwa ofisi hii, niliomba nafasi kwenye kikao cha bodi. Niliwaeleza kwamba tunachuja kwa alama peke yake, na msichana wa bondeni, ambaye msimu wa ndege bado unamtoa darasani huko msingi, hawezi kushindana na aliyesoma mjini bila kukosa siku. Niliomba tuwatengee nafasi wa hapa, na tuwape muhula mmoja wa kuwanyanyua kabla ya kuanza. Mjumbe mmoja alisema tutashusha jina la shule. Nikamsimulia siku tatu zako. Walipopiga kura alinyoosha mkono kuunga.

Kisha nikaenda vijijini mwenyewe. Michenga nilimkuta mama mmoja wa Kisukuma anapepeta mpunga, binti yake amemaliza la saba. Alinisikiliza, akatikisa kichwa. "Mwalimu, ile shule ni ya wageni," aliniambia. "Sisi tunapita tu nje ya uzio." Nilikaa chini nikashika ungo wa pili. Nilimweleza nani alifyatua yale matofali. Nilirudi kwake mara nne, na mara ya nne mumewe alikuwepo.

Januari binti yule alikuja, Kabula jina lake, na wengine waliojaza darasa. Walikuja na magodoro yamefungwa kwa kamba nyuma ya baiskeli na bodaboda, wakasimama kwenye foleni pamoja na walioshushwa na magari. Hawakusemeshana. Nilikuwa na wasiwasi, Sista, sikuficha hata kwa baba.

Wiki iliyopita tulipata wageni kutoka shule nyingine, na desturi ni mwanafunzi mmoja kuwatembeza. Kabula alijitolea. Niliwafuata kwa nyuma. Mgeni mmoja, kwa wema tu, akamuuliza yeye ametokea mkoa gani kuja kusoma hapa.

"Sijatokea popote," alisema Kabula, na hakupunguza mwendo. "Hapa ni kwetu."

Pumzika, Sista wangu. Kabula na wenzake wako darasani, nami kipindi changu kimefika.

Ni mimi mwanao,
Melania, binti wa Namawala